Wageni wa Harusi ya Zawierka

Dobra Kalisher hakuwa mzuri wa sura, na mtu wa kwanza kulisema hilo alikuwa yeye mwenyewe. Pua ndefu, kidevu kifupi, na mabega mapana ya mama yake, mwanamke aliyeshinda kwenye kigoda katika ua mmoja wa Baluty, kule Lodz, akinyonyoa mabata bukini ili watu wapate manyoya ya mito. Lakini Dobra akisimama jukwaani akafungua mdomo, hata aliyekaa safu ya mwisho nyuma ya nguzo aliona anaambiwa yeye. Mimi nilikuwa namvisha, kwa hiyo najua. Nilimfunga vifungo vya mgongoni, nikambana nywele, nikamshikia ndoo alipotapika kwa woga kabla pazia halijafunguliwa. Jina langu ni Mindel. Nilikuwa mshonaji wa kundi la Leyzer Kalisher, na Leyzer alikuwa mumewe.

Alikuja kwetu akiwa msichana wa miaka kumi na saba, amebeba mto. Mama yake, Bi Rojza, alikuwa amemuuzia mto ule mwigizaji wetu mkuu, na binti akatumwa kuuleta ukumbini. Tulikuwa mazoezini. Akasimama kando ya pazia, mto kifuani, akimtazama mwigizaji huyo akikata roho kwenye mchezo, huku machozi yanamtiririka.

"Unalia nini, binti?" Leyzer akamuuliza. "Hayo ni mazoezi tu."

"Nalia kwa hasira. Mtu hafi hivyo. Baba yangu alikufa nikimwona. Hakupunga mikono."

"Ala. Basi njoo ufe wewe, tuone."

Akauweka mto chini, akalaza kichwa juu yake, akafa. Hakufanya kitu cha kusimulia. Alikuwa anatutazama, kisha akawa hatutazami. Yule mwigizaji mkuu akaenda kuchukua koti lake.

Tulicheza kwa Kiyidi, lugha tuliyonyonya nayo sisi Wayahudi wa Poland. Kwenye miji mikubwa tulipata majumba ya michezo yenye viti vya kukunja. Kwenye miji midogo tulicheza katika kumbi za zimamoto, na kengele ya moto ikilia katikati ya mchezo nusu ya wanaume walitoka mbio, wakarudi baadaye wananuka moshi wakiuliza nani amekwisha kuolewa. Leyzer aliwachekesha, Dobra aliwaliza. Watu walitoka wameshiba.

Bi Rojza hakumkataza binti yake. Kilichomshinda ni kuelewa kwamba mchezo ni mchezo. Kila tulipofika Lodz alikaa mbele kabisa, amevaa kilemba chake cha sikukuu, na mwovu alipobisha hodi jukwaani alisema kwa sauti: "Usimfungulie, mwanangu, ni mwongo huyo." Watu wakaangua kicheko mahali ambapo Dobra alikuwa amewaandaa kulia. Dobra akamaliza mchezo amekasirika.

"Mama," alimwambia baadaye, nikiwa namvua viatu, "wale ni watu wa kuigiza."

"Najua. Mimi si mjinga. Lakini wewe si wa kuigiza, wewe ni wangu."

"Basi kaa nyuma."

"Nikikaa nyuma utanionaje?"

Sinema za kusema zilipoingia, ziliingia kwa lugha za wengine kwanza. Ilipofika mwaka wa thelathini na sita ndipo wakatujia watu wa Warsaw wakitafuta waigizaji wa Kiyidi. Dobra alikuwa na miaka thelathini na kitu. Walimpa kisehemu kidogo katika picha ya kuchekesha, dada wa bwana harusi, maneno machache tu. Chumba cha kupigia picha kilikuwa kimezungushiwa magodoro ukutani, na juu ya vichwa vyetu kinasa sauti kilining'inia. Aliyekisimamia alikuwa Mpoland mmoja, Bwana Wacek, asiyejua neno hata moja la lugha yetu. Dobra alisema neno lake la kwanza, na Wacek akavua vile vya kusikilizia masikioni kama mtu aliyeumwa na nyuki.

"Mwambieni bibi, mashine yangu si kiziwi."

Akarudia kwa sauti ya chini, Wacek akatikisa kichwa. Akarudia tena. Vilevile.

"Sema kama unaniambia mimi kitandani," Leyzer akamshauri.

"Wewe kitandani nakupigia kelele. Unakoroma."

Watu wote wakacheka, hata Wacek baada ya kutafsiriwa. Leyzer hakucheka. Alisogea karibu na mkewe akamwambia, "Basi sema kama yuko mtoto amelala humu ndani, na hutaki aamke."

Walikuwa na mtoto mmoja, akafa kabla hajatambaa. Kundi zima lilijua, wala Leyzer hakuteleza ulimi. Dobra akakigeukia kinasa sauti. Kisha akasema maneno yake, na Wacek akainua kidole gumba, akakiacha juu mpaka mwisho.

Kwa sauti ile ya mtoto aliyelala walimpa picha ya pili, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa bibi harusi. Hadithi yenyewe ilikuwa ya kawaida: msichana anaozwa kwa tajiri huku moyo wake uko kwa mpiga fidla. Mwongozaji, kijana aitwaye Zonshayn, hakutaka harusi ipigwe chumbani. Alitaka mji wa kweli na watu wa kweli, akauchagua mji wa Zawierka, upande wa Lublin. Tulifika kiangazi. Mji mzima ulitaka kuwa mgeni wa harusi. Rabi alikataza siku ya kwanza, siku ya pili akanyamaza, siku ya tatu mtumishi wake wa sinagogi alijitokeza amechana ndevu. Walikuja fundi viatu, mchinjaji, mkunga, wavulana wa shule ya dini na wapiga vyombo wa pale pale mjini, kila mmoja kavaa nguo zake za Sabato.

Alikuwapo pia Tsirl, mwokaji. Mwanamke mpana, mashavu mekundu, mikono imejaa alama za moto wa tanuri. Kila asubuhi alituletea mikate midogo ya vitunguu, akatugawia mwenyewe mkononi, na kila kamera ilipoanza kuzunguka alijikuta amesimama mbele ya Dobra.

"Bibi, sogea," Dobra akamwambia.

"Nisogee wapi? Huu ni uwanja wetu. Mimi nimezaliwa nyumba ile."

"Mimi ndiye bibi harusi."

"Kwa umri huo? Haya, hongera, Mungu hachelewi."

Uwanja mzima ulicheka. Dobra akanigeukia, nikaona shingo yake imewiva.

Siku ya kupiga sherehe yenyewe, Bi Rojza alifika kwa treni kutoka Lodz na mto mpya chini ya kwapa, zawadi, maana binti yake alikuwa anaolewa. Alijua ni sinema. Alileta mto hata hivyo. Akaniomba nimtafutie shali nzuri.

"Nitasimama na wale wamama," alisema. "Pale nyuma ya mkunga. Sitasema kitu."

"Hapana, Mama," Dobra akajibu. Alikuwa amekaa nikimpaka poda.

"Hata mkono sitauinua."

"Mama, utanitazama mimi badala ya kumtazama rabi. Kisha utasema neno, na kile kidude kitalinasa, na Poland nzima itacheka. Kaa kando uangalie."

Bi Rojza hakubishana. Alivua shali, akaikunja vizuri, akanirudishia. Wakampa sanduku la vyombo akae, nyuma ya kamera, upande wa kushoto, mto wake mapajani.

Wakati wa kumfunika bibi harusi shela, Zonshayn alimwelekeza Dobra: "Usiitazame kamera. Tazama pembeni yake kidogo, pale, kana kwamba unaacha kitu." Muziki ukaanza. Wanawake wakamzunguka. Dobra akainua macho akatazama alipoambiwa, na mimi niliyekuwa nimesimama na pini mdomoni nikasahau kwamba nimemshona lile gauni kwa mikono yangu. Ndipo Tsirl, aliyekuwa bega kwa bega naye, akasema neno ambalo halikuwamo popote: "Mpeni bibi harusi maji jamani, mtoto wa watu amekauka midomo."

Zonshayn akasimamisha. Wacek alikuwa amelinasa lote. Dobra alitaka warudie, lakini jua lilikuwa linaondoka na filamu iliyobaki ilikuwa kidogo. Zonshayn akasema neno lile litabaki, ni zuri, ni la kweli. Dobra akavua shela akanitupia.

Warsaw ilipoiona picha ile, watu walilia kama tulivyotumaini, mpaka walipomfikia Tsirl. Hapo walicheka kwa furaha, wakapiga makofi. Gazeti moja likaandika kwamba sauti ya kweli kuliko zote ni ya mwanamke ambaye jina lake halikutajwa. Dobra alilisoma akiwa amesimama, akalikunja, akaliweka chini ya mguu wa meza yetu iliyokuwa inayumba.

"Nimefanya kazi hii tangu nikiwa mtoto," aliniambia. "Na anayekumbukwa ni muuza mikate."

Nilimwambia watu hawatasahau macho yake. Zikaja kazi nyingine mbili za sinema, ndogo, ambazo hazikumalizika.

Agosti ya mwaka wa thelathini na tisa tulikuwa safarini mashariki, karibu na Bialystok. Dobra alikuwa amemwomba mama yake aje nasi, abadilishe hewa. Bi Rojza alisema mabata hayajinyonyoi. Vita vilipoanza, nchi ikakatwa katikati, sisi tukabaki upande wa Warusi. Kutoka hapo tulisukumwa mbali, mpaka Uzbekistan, ambako tulichuma pamba na kulala sakafuni na watu tusiowajua. Leyzer aliwachekesha mpaka homa ya chawa ikamshika. Siku za mwisho alidhani tuko kwenye ukumbi wa zimamoto. Aliuliza kama watu wamejaa. Dobra alimwambia wamejaa hadi mlangoni, wengine wamesimama. Akamzika huko, kwenye ardhi ngumu kama tofali, akarudi shambani kuchuma pamba.

Mwaka wa arobaini na sita tulirudi Lodz. Sitaki kusema mengi. Ule ua wa Baluty ulikuwepo, pampu ya maji ilikuwepo. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Mwanamke wa Kipoland alitoka na beseni, akatutazama, akasema kwa upole kwamba wale wa zamani walichukuliwa wote na Wajerumani, kiangazi cha arobaini na nne ndio wa mwisho. Dobra akamshukuru. Tulipofika barabarani aliniuliza kama nilikuwa na picha yoyote ya mama yake. Sikuwa nayo. Yeye alikuwa na sanduku zima la picha, zilizopotea Bialystok, na zote zilikuwa zake mwenyewe.

Kaka yangu alikuwa Buenos Aires tangu zamani, akatuita. Kule palikuwa bado na majumba ya michezo ya Kiyidi, na watu walijaa. Dobra akapata kazi ya kuigiza akina mama. Aliifanya vizuri, kwa sauti ile ya chini, ingawa wasimamizi walimwomba apaze.

Wakati huo wazaliwa wa Zawierka walikuwa na chama chao mtaa wa Villa Crespo, ni wale waliohama kabla ya vita. Huko nyumbani hakuwa amebaki mtu. Mwenyekiti wao, Nuchem Fajgenblat, muuza vitambaa, akagundua kwamba nakala moja ya ile picha ya harusi ilikuwa imeletwa Argentina kuonyeshwa kabla ya vita, ikasahaulika stoo. Wakaikodi. Wakamwalika Dobra awe mgeni wa heshima.

Alijiandaa kama wakati wa zamani. Nilimshonea gauni la rangi ya zambarau, nikambana nywele. Njiani aliniuliza mara mbili kama mistari ya uso inaonekana. Nilimwambia taa zitazimwa.

Wakampigia makofi, wakampa kiti cha mbele na maua. Picha ikaanza. Nusu ya kwanza walitulia, baadhi wakajifuta macho kwa sababu ya mapenzi ya mpiga fidla, na mkono wa Dobra ulikuwa umetulia juu ya wangu. Kisha ukatokea uwanja wa Zawierka.

"Yule pale Hersz mchinjaji," mtu akasema gizani.

"Mama Bine mkunga. Mama Bine alinizalisha."

"Huyo mtoto mwenye kofia kubwa ni wa kwetu. Huyo ni Lajbl wetu. Tazama anavyojikuna."

Watu wakaanza kusimama. Wengine walisogea mpaka kwenye kitambaa cha picha, vivuli vyao vikaangukia juu ya harusi, na walio nyuma wakawasihi wakae, nao hawakukaa. Mtu alikuwa anaita majina taratibu, moja moja, kama anayeita watu kuingia ndani kula. Shela ikashuka, na sauti ya Tsirl ikasema kutoka ukutani, wazi kabisa, mpeni bibi harusi maji jamani, mtoto wa watu amekauka midomo.

Hakuna aliyecheka. Nuchem Fajgenblat aliweka mkono kifuani.

"Rudisha," alimwambia mwendesha mashine. "Tafadhali, rudisha hapo."

Akarudisha. Tsirl akasema tena. Nuchem akaomba tena, na tena, na mwendesha mashine, Mwargentina asiyejua lugha yetu, alirudisha kila alipoombwa bila kunung'unika. Sehemu iliyobaki ya picha haikuonyeshwa. Hakuna aliyeuliza msichana aliolewa na nani.

Taa zilipowashwa Nuchem alimjia Dobra. "Ni dada yangu," alisema. "Nilimwacha msichana. Sina hata picha yake. Sauti ndiyo nilikuwa nimeisahau kabisa, nilikuwa najaribu kuikumbuka nashindwa. Bi Dobra, ulimjua? Alikuwaje?"

Niliogopa. Nilimjua Dobra.

"Alinichokoza kila siku," Dobra akasema. "Alisimama mbele yangu kwenye kila picha. Aliniambia mimi ni mzee mno kuolewa."

Nuchem akaanza kucheka huku analia. "Ndiye. Ndiye huyo."

"Na mikate yake ya vitunguu ilikuwa mizuri. Alitugawia mkononi, kila mmoja, hata wale wabeba taa. Mikono yake ilikuwa na alama za tanuri mpaka kwenye viwiko."

Wengine wakakusanyika. Kila mmoja alikuwa na wake wa kumuulizia. Tulikaa pale mpaka chai ikapoa kwenye birika, na Dobra akijibu.

Tulipokuwa tunarudi kwa miguu alikuwa ameshika viatu mkononi, vilikuwa vinambana.

"Kila mtu amempata wake," alisema. "Umeona, Mindel? Hata mtumishi wa sinagogi amepatikana na mpwa wake. Mimi peke yangu nimejipata mwenyewe."

Nikampokea viatu.

"Mama alitaka kusimama nyuma ya mkunga tu. Nafasi ilikuwepo. Leo nimeiona, kuna pengo pale, mtu mmoja angetosha."

"Alikuwepo, Dobra. Wewe unamtazama. Pale shela inaposhuka, yule unayemtazama ni yeye, kwenye sanduku."

"Naona ninavyomtazama," akasema. "Yeye simwoni."

Baada ya hapo walimwita kila mwaka. Watu walikuja kutoka Rosario, kutoka Montevideo, na si wa Zawierka tu. Wengine walikuja kujaribu bahati, maana huenda shangazi alikwenda harusini. Kila mara kulikuwa na mtu wa kumuuliza Dobra: yule mrefu mwenye skafu, alizungumza nawe? Na Dobra alijibu. Alisema yule mrefu alikuwa mcheshi, alisema yule kijana aliwanywesha farasi maji. Mara moja nilimuuliza kama anawakumbuka kweli.

"Wengine," alisema. "Wengine hapana. Yule mama wa leo amesafiri tangu alfajiri. Ulitaka nimwambie sikumwona?"

Jukwaa nalo lilikuwa linamponyoka. Watoto wa wale wahamiaji walizungumza Kihispania, walikuja kuwaleta bibi zao mlangoni wakaondoka. Kumbi zikafungwa, moja ikawa gereji. Mara ya mwisho Dobra alipocheza, ilikuwa asubuhi ya Jumapili kwenye nyumba ya wazee, na mzee mmoja wa mbele alilala tangu mwanzo. Alicheza kwa nguvu zake zote. Nilimvua gauni, akaniambia anadhani amekosea katika ile sehemu ya barua, ameiharakisha. Nilimwambia sikuona kosa. Alisema lilikuwepo.

Na ile nakala ya picha ikaanza kuchakaa. Uwanja wa Zawierka, kwa jinsi ulivyorudishwa rudishwa, ulijaa michirizi kama mvua, na mwaka mmoja filamu ilikatika hapo hapo kwenye shela. Mwendesha mashine aliiunga. Baada ya kuungwa, macho ya Dobra yaliinuka na mara moja wageni walikuwa wanacheza. Kule kutazama kwake kulikuwa kumepotea. Tsirl alibaki. Dobra aliona, akaniminya mkono, hakumwambia mtu.

Alikufa Julai ya mwaka wa sitini na moja, kwa kifua, kwenye baridi. Hakuwa na ndugu, na mimi nilikuwa najiuliza tutamweka wapi, ndipo Nuchem akaja amevua kofia. Alisema watu wa Zawierka wana safu yao makaburini na wameshakubaliana, atalala kwao.

"Yeye ni wa Lodz," nikamwambia.

"Alikuwa harusini," Nuchem akasema. "Ni mtu wetu."

Walikuja wengi. Nuchem alizungumza, akasema marehemu aliwajua wapendwa wao, aliwakumbuka kwa majina, alikuwa dada kwa kila mmoja. Yote yalikuwa mazuri, nami nilisubiri. Wakazungumza wengine wawili. Kisha udongo ukamwagwa na watu wakaanza kugeuka kuelekea lango.

Nikasema, kwa sauti ambayo haikufika mbali, "Alikuwa mwigizaji."

Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu akageuka, akanitazama kama mtu ambaye hakunielewa vizuri. Kisha akaniinamishia kichwa kwa adabu, akanishika mkono, tukaenda kunawa mikono, kama tufanyavyo tukitoka makaburini.